Mama, lile ua la njano ni ukoo wa kishonanguo

Mama shikamoo,

Huku hatujambo, baridi imeanza kuchungulia ila makoti makubwa bado hatujayatoa. Hela ya mbolea nimeshamtumia dogo kwa hiyo asikuzungushe. Sasa ile picha ya ua la njano niliyotuma wasap, mjomba kasema alizeti, wewe ukasema maua ya kupandwa ya wazungu, na grupu zima likagawanyika kama Simba na Yanga, basi ngoja niwaambie maana nimelifuatilia mpaka nimelijua.

Halijapandwa na mtu. Linaota lenyewe kwenye tope kando ya mto Olentangy hapa Columbus, Ohio, na mwezi huu wa tisa ukingo wa bwawa wote unakuwa njano tupu. Mjomba hajakosea sana, ukoo ni mmoja na alizeti, kile unachoona ni ua moja ni vijiua vingi vimebanana pale katikati, na kila petali ya pembeni nayo ni kijiua kinachojitegemea ila hakizai, mbegu zote zinatoka katikati.

Shida ni kwamba maua ya njano ya majimaji huku yanafanana balaa. Kuna moja linaitwa Helenium, hilo petali zake zimechanika nchani na shina lake lina vibawa vya majani vinavyoshuka ubavuni, la kwangu shina halina kitu. Kuna mengine ya karibu zaidi lakini majani yao yamegawanyika vipande vipande, majani ya hili langu ni marefu membamba, kingo zina meno meno, hayana kikonyo kabisa na yanakaa mawili mawili yakitazamana mpaka vitako vyake vinashikana kulizunguka shina. Halafu ua likishaanza kuzeeka linainamisha kichwa, tena linainama haswa. Hapo nilikuwa nimeshabaki na moja tu kichwani, ila kilichomaliza ubishi ni mbegu.

Nimetoka pale bwawani suruali imejaa kuanzia magotini mpaka kwenye soksi mama, nikabandua moja nikaiweka kiganjani nikaipiga picha kwa karibu. Ni bapa, rangi ya kahawia, na juu ina miiba minne iliyosimama, na kila mwiba una vimiiba vidogo vidogo vimegeukia nyuma ndo maana kuingia kwenye nguo inaingia kirahisi ila kuitoa ni shughuli. Si unaijua hiyo? Ni kishonanguo! Yaani ni ndugu yake wa damu, kishonanguo chetu kitaalamu ni Bidens pilosa na hili la huku ni Bidens cernua. Na cha ajabu ni kwamba hicho cha kwetu unachokipalilia kwenye mahindi kila msimu unakitukana, asili yake ni bara hili la Amerika, kimekuja huko kama mgeni kikakaa moja kwa moja.

Huku hawaling'oi, mabata wa mwituni wanakula mbegu zake. Na usiniulize kama majani yake ni mboga, najua cha kwetu bibi alikuwa anachanganya na mchicha na kilikuwa kitamu tu, ila mimi siwezi kuchuma kitu kwenye tope linalopokea maji ya barabarani ya mji mzima huu.

Mwambie dogo akienda shamba abandue mbegu moja ya kishonanguo aipige picha kwa karibu isitikisike, ahesabu miiba, ya huko mara nyingi ni miwili au mitatu. Anitumie kwangu siyo kwenye grupu, mjomba ataanza upya.

Msalimie baba, na dawa za presha usiruke.

Mwanao