Sponji Ndani ya Tairi: Kwa Nini Gari la Miamba Huteleza Hata Likivalishwa Matairi Mapya

Lalamiko tunalolipokea mara nyingi zaidi katika karakana yetu ni kwamba gari la rimoti la kupanda miamba linateleza mahali ambapo magari mengine ya aina ileile yanapita, ilhali mwenyewe amekwisha kubadilisha matairi, akachagua yenye mpira laini na meno marefu, na hata kuongeza uzito mbele. Tunapoletewa gari la namna hiyo hatuanzi na mota wala gia. Tunafungua skrubu za rimu, tunalivua tairi na kuitoa sponji iliyomo ndani, kwa kuwa huko ndiko tatizo linakojificha mara nyingi. Makala haya yanaeleza kazi ya sponji hiyo, jinsi tunavyoipima na jinsi tunavyoikata, ili mteja ajue anachokilipia, na anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe aifanye bila kuharibu matairi yake.

Tairi la gari hili halijazwi upepo. Rimu au tairi lenyewe lina tundu dogo linaloruhusu hewa kutoka na kuingia, kwa hiyo uzito wa gari hubebwa na vitu viwili tu, yaani ubavu wa mpira na sponji. Mpira nao hushika jiwe kwa kunata juu yake na kwa kujipenyeza katika mikwaruzo na kingo zake, na ili hayo yawezekane ni lazima tairi libonyee na kulikumbatia jiwe. Zaidi ya hayo, mpira hupoteza sehemu ya mshiko wake mgandamizo unapozidi juu ya eneo dogo, ndiyo maana uzito uleule ukitandazwa juu ya eneo pana hushika vizuri zaidi. Eneo hilo la tairi linalogusa jiwe tunaliita wayo wa tairi, na kazi nzima ya kurekebisha sponji ni kuutengeneza wayo huo uwe mpana pale unapotakiwa bila kuliacha tairi lilegee kupita kiasi.

Kulegea kupita kiasi ni hatari ambayo wengi huisahau. Mteja akiona kwamba sponji ngumu inamfanya ateleze, hukimbilia kutafuta iliyo laini kabisa, na katika mpando wa kwanza hufurahi. Kisha anapita ubavuni mwa mwamba, uzito wote unahamia kwenye magurudumu mawili ya upande wa chini, tairi linajikunja chini ya rimu, gari linazidi kuinama na kupinduka. Sponji nzuri inapaswa kukubali kubonyea kwa uzito mdogo na kukataa kubonyea zaidi uzito unapokuwa mkubwa, na ili kuonyesha jinsi tofauti ya uzito huo ilivyo kubwa, inafaa tufanye hesabu kidogo.

Chukua gari la uwiano wa 1:10, yaani lenye vipimo vya sehemu moja ya kumi ya gari halisi, lenye uzito wa kilo 3 pamoja na betri, ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele na asilimia 40 iko nyuma. Urefu kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 313, na kitovu cha uzito kiko milimita 80 juu ya ardhi. Likisimama mahali tambarare, kila tairi la mbele hubeba gramu 900 na kila la nyuma hubeba gramu 600. Liweke kwenye mpando wa digrii 45 likielekea juu, na kila tairi la mbele litalikandamiza jiwe kwa takriban gramu 370 tu, wakati kila la nyuma litafikia takriban gramu 700. Ligeuze lishuke mteremko uleule, nayo matairi ya mbele yatarudi kwenye gramu 900 hivi kila moja, ila ya nyuma yatabaki na takriban gramu 150. Hii ina maana kwamba tairi la mbele ambalo linaonekana limebonyea vizuri mezani linaweza kuwa gumu kama mti pale unapolihitaji zaidi, yaani linapojaribu kushika ukingo wa juu wa mwamba likiwa na chini ya nusu ya uzito wake wa kawaida.

Hesabu hiyo ndiyo sababu tunapendelea sponji ya tabaka mbili kwa magari mengi. Tabaka la ndani, linaloizunguka rimu, hutengenezwa kwa sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, na la nje hutengenezwa kwa sponji laini yenye vitundu vilivyo wazi. Uzito mdogo hulibonyeza lile la nje peke yake, tairi likakumbatia jiwe. Uzito unapoongezeka, tabaka la nje huisha kubonyea na lile gumu huupokea mzigo, na hivyo rimu haigongi mwamba wala ubavu haujikunji. Sponji ya tabaka moja inayokuja na magari mengi yaliyo tayari kuendeshwa hutengenezwa ili imfae kila mtu, na kwa kawaida huwa ngumu mno kwa gari jepesi na laini mno kwa gari lililoongezewa shaba kwenye ekseli. Hatusemi kwamba lazima itupwe. Ikikatwa kwa akili inaweza kufanya kazi nzuri.

Kabla ya ulaini, hata hivyo, tunaangalia ukubwa, na hapa tunaomba uvumilivu wa mteja kwa sababu hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi. Sponji iliyozidi tairi kwa kipenyo hulivimbisha katikati, kwa hiyo meno ya katikati peke yake ndiyo yanayogusa jiwe na ya pembeni yanabaki hewani. Sponji iliyozidi kwa upana husukuma ubavu nje na kuukaza, hata kama yenyewe ni laini. Iliyopungua kwa upana huyaacha mabega ya tairi bila nguzo, na hayo mabega ndiyo yanayobeba gari linapopita ubavuni mwa mwamba. Iliyopungua kwa kipenyo huacha nafasi kati yake na mpira. Nafasi ya milimita chache inaweza kusaidia mbele, kwa kuwa tairi hubonyea bure kabla ya kukutana na sponji, lakini nyuma huleta mtikisiko usiopendeza. Rimu mbili zinaweza kuitwa zote za inchi 1.9 huku matairi yake yakitofautiana sana kwa kimo na upana, kwa hiyo jina la ukubwa wa rimu halitoshi kuchagulia sponji. Tunapima ndani ya tairi lenyewe.

Ukubwa ukishakuwa sawa, tunaupima wayo. Gari huwekwa betri yake, bodi yake na kila kitu kinachosafiri nacho, kisha tunapaka chaki kwenye meno ya tairi na kulishusha gari taratibu juu ya karatasi nyeusi. Alama inayobaki husema mengi. Ikiwa ni mstari mwembamba wa katikati, sponji ni ngumu au ni kubwa mno. Ikiwa kingo mbili zimetokea na katikati pamefifia, sponji haijazi tairi. Ikiwa meno yote ya upana wa tairi yametokea bila ubavu kugusa karatasi, tuko karibu na tunachokitaka. Baada ya hapo tunaweka kipande cha mbao chenye kimo cha sentimita 2 chini ya tairi moja na kutazama kama linakizunguka au linakikalia juu tu. Mwisho tunalisukuma gari kwa upande tukiwa tumeushika mhimili wa bodi, na tunaangalia ubavu wa tairi unavyoinama. Uzito wa kila gurudumu tunaupima kwa mizani ndogo ya kidijitali, tukihakikisha magurudumu mengine matatu yameinuliwa kwa kimo kilekile cha mizani, la sivyo takwimu zinadanganya.

Sasa kuhusu kukata. Njia inayojulikana zaidi ni kutoa vipande vya pembetatu kwenye mzingo wa nje wa sponji, ili ibaki na umbo la nyota. Inafanya kazi, lakini ina kasoro: mahali palipokatwa panabonyea kuliko palipoachwa, na gari linapokwenda polepole, kama linavyokwenda wakati wote kwenye miamba, dereva huhisi tairi likipanda na kushuka kwenye pembe za nyota hiyo. Sisi hupendelea kukata upande wa ndani, ule unaokaa kwenye rimu, na kuuacha mzingo wa nje ukiwa mzima ili mpira uegemezwe sawasawa pande zote. Vipande viwe vingi na vidogo, vyenye nafasi sawa, kuliko vichache na vikubwa. Tukitaka kulainisha ubavu bila kugusa katikati, tunachonga mfereji mwembamba pembeni mwa sponji, na kwa upande wa nje wa gari tunauchonga kwa uangalifu zaidi kwa sababu huo ndio unaolizuia lisipinduke.

Kata kidogo, rudisha, pima tena. Sponji iliyokatwa hairudi. Matairi mawili ya ekseli moja yakatwe kwa kipimo kimoja kilichochorwa kwa kalamu kabla ya kisu kugusa, maana tofauti ndogo kati ya kulia na kushoto hulifanya gari livute upande mmoja kwenye mpando. Tumia kisu chembamba chenye makali sana na uache kisu kitembee bila kuibana sponji, kwani iliyobanwa hukatika kwa mviringo usiotarajiwa. Wapo wanaokata kwa waya wa moto. Tunawasihi wasifanye hivyo ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa sponji nyingi ni za poliyurethani, na poliyurethani ikiungua hutoa moshi wenye sumu, ikiwemo gesi ya sianidi.

Kwa gari lenye uzito mwingi mbele, mahali petu pa kuanzia ni mbele kuwe laini katika tabaka la nje na kiini kigumu, na nyuma kuwe na ugumu wa wastani unaofanana tabaka zote, kwa sababu matairi ya nyuma ndiyo yanayolisukuma gari kwenye mpando na hayapaswi kujikunja nguvu ya mota inapofika. Gari ambalo kazi yake kubwa ni kupita kwenye miteremko ya pembeni tunaliongezea ugumu kwenye mabega kote kote. Magari madogo ya uwiano wa 1:24, ambayo mengi yana uzito wa chini ya nusu kilo, ni habari nyingine: mpira wao peke yake mara nyingi unatosha kulibeba gari, na sponji nyembamba sana pamoja na vizito ndani ya rimu husaidia kuliko sponji yoyote nzuri iliyojaza tairi.

Tundu la hewa linastahili kutajwa pia. Likiziba kwa matope, hewa hufungiwa ndani na tairi hudunda kama lililojazwa upepo, na mteja hudhani sponji imekufa au shokomzoba zimeharibika. Kwa wanaopita kwenye maji tunaziba tundu la rimu na kutoboa matundu mawili madogo katikati ya uso wa tairi, moja likiwa mkabala wa jingine, ili maji yaliyoingia yarushwe nje gurudumu likizungushwa kwa kasi kwa muda mfupi. Sponji ya vitundu vilivyo wazi hunywa maji na kuwa nzito, na ikiachwa na unyevu huoza na kunuka. Ile ya vitundu vilivyofungwa hainywi maji, ingawa maji yanaweza kukaa kati yake na mpira. Baada ya safari ya mtoni, fungua rimu na uianike sponji kivulini.

Sponji pia huchoka. Ikikaa miezi chini ya uzito wa gari mahali pamoja, hubonyea upande mmoja na haiinuki tena, na gari hutembea likichechemea. Lihifadhi gari juu ya stendi au kipande cha mbao kinachoinua magurudumu yote manne. Baridi nayo hukaza mpira na sponji kwa pamoja, kwa hiyo gari lililorekebishwa wakati wa joto linaweza kuhitaji sponji laini zaidi hali ya hewa inapobadilika.

Ukituletea kazi hii, tafadhali lete gari zima likiwa na betri unayoitumia, kwa kuwa magurudumu peke yake hayatuonyeshi uzito yanaoubeba. Tuandikie pia kama unapanda zaidi, unashuka zaidi au unapita pembeni zaidi, na kama miamba yako ni mikavu au ina matope. Rimu za kubana kwa skrubu tunazifungua na kuzirudisha bila shida. Zilizobandikwa kwa gundi inabidi kuchemshwa kwenye maji ili gundi iachie, na kwa hizo tunakuomba utuambie mapema, kwani tairi lililobandikwa likichanika wakati wa kuvuliwa haliwezi kushonwa, na huenda ukaona ni heri kuanza na rimu mpya za skrubu.