Begi lile la bluu

Mtwara, mwisho wa Mei 2024

Shoga yangu Somoe,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, miguu tu ndiyo inaniuma. Mama mfikishie shikamoo yake, mwambie ming'oko yake ilifika Mbagala na iliisha siku ile ile.

Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani. Kile Kimbunga Hidaya kilinikuta njiani narudi kutoka Dar. Basi kufika Somanga likakomea hapo, barabara imekwenda na maji. Tukalala mle ndani siku mbili, chai kikombe kimoja bei ya sahani ya wali. Siku ya tatu tuliochoka kungoja tukashuka tuvuke kwa miguu, tutafute gari ng'ambo. Hapo ndipo nilipoumbuka. Wenzangu mtu ana kimkoba na kanga kiunoni, huyo anakwenda. Mimi nina kiroba cha mchele na lile shangazi kaja la bluu, unalijua. Kijana aliyenitwisha akaguna: "Mama, umebeba mawe?" Nikamwambia nguo.

Nguo wapi! Makaratasi. Yale yale, Somoe. Stakabadhi za korosho za msimu wa 2018, mwaka ule serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kilo, na hela yote ya shamba la marehemu baba ikaingia akaunti ya kaka. Na daftari nililoandika kila neno alilonijibu. Nilimpelekea baba mdogo ili kikao kikae, ayaone. Hata zipu haikufunguliwa. Alisema tule kwanza. Tukala, wakaanza Simba na Yanga, basi.

Sasa sikia. Katikati ya matope, yako magotini, nikaona sifiki na mizigo miwili. Nikampa yule kijana mchele. Mchele! Watoto wangekula wiki mbili. Makaratasi nikayakumbatia kama mtoto mchanga.

Na aliyekuja kunipokea stendi ni nani? Kaka. Usiku wa manane, na pikipiki yake. Akalifunga begi nyuma kwa kamba ya mpira, akauliza mbona zito hivi. Nikanyamaza mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo liko uvunguni. Usianze kunihubiria habari za kusamehe, hela ile ilikuwa ada ya Zuhura na yeye alijua. Sijasamehe. Nimechoka kubeba tu, sijui kama ni kitu kimoja.

Wewe vile vitu vya baba Shaibu ulivichoma kweli, au ulituambia tu? Na ukishachoma, maneno hayakurudii usiku? Nikija huko Lindi mwezi ujao nije na mkoba mtupu, au nilipitishe kwako ukae nalo kidogo? Uvunguni kwako kuna nafasi? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kaka anapita kunywa chai, na chumba chenyewe unakijua, akikaa kitandani miguu yake inaligusa.

Wako,
Mama Zuhura