Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Gari dogo la sola lipewe daraja lake la usajili

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa umeme wa jua, na ninakuandikia kuhusu gari la sola la matumizi ya kila siku. Naamini gari hilo linawezekana sasa hivi, ila limekwama kwenye uzito na kwenye kanuni za usajili. La kwanza ni letu mafundi. La pili liko mezani kwako.

Hesabu yake ni fupi. Jua la utosini huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama asilimia 22 kuwa umeme. Paa na boneti ya gari la kawaida vina nafasi ya mita 4 au 5 za mraba, kwa hiyo saa 5 za jua kali zitakupa uniti 4 au 5. Gari la umeme lililozoeleka hula uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Umepata kilomita 20 hadi 30 kwa siku, na kwa mtu wa kwenda kazini na kurudi, hizo si haba.

Hapo bado hatujakutana na joto na kivuli. Paneli iliyobandikwa kwenye bati la gari haipati hewa kwa chini. Ikichemka, kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza uwezo wake kwa karibu asilimia 0.35. Kivuli ndicho kinachoniumiza kichwa zaidi. Kitawi kikiziba seli mbili tu, safu nzima iliyounganishwa nazo hudhoofika, maana mkondo hauwezi kupita kwa wingi kuliko seli iliyo dhaifu inavyoruhusu. Kwa hiyo paa lazima ligawanywe vipandevipande, kila kipande na kidhibiti chake cha chaji. Kazi hiyo tunaiweza.

Walioanza na gari kubwa yamewafika. Lightyear ya Uholanzi ilitengeneza gari la yuro 250,000 lenye umbo la kupasua hewa kwa ustadi wa hali ya juu, likahesabiwa kupata hadi kilomita 70 za jua kwa siku njema. Uzalishaji ulianza mwishoni mwa 2022, ukasimama Januari 2023. Mwezi uliofuata, Sono Motors ya Ujerumani, iliyolenga mnunuzi wa kawaida, nayo ikaachana na gari lake la Sion. Ninawaheshimu sana watu hao. Ila njia yetu ianzie chini.

Fikiria gari la watu wawili, kilo 400 hivi, lisilozidi kilomita 45 kwa saa. Ukishusha mwendo kutoka 90 hadi 45, nguvu ya hewa inayolizuia gari hubaki robo. Gari la namna hiyo laweza kutumia uniti 6 kwa kilomita 100. Paa la mita 2 za mraba likileta uniti moja na nusu baada ya upotevu wote, mwenyewe ametembea kilomita 25 bila kugusa soketi. Siku ya mawingu atachaji nyumbani.

Gari hili likipimwa kwa kanuni zilizoandikiwa magari ya tani moja na nusu, halitapita kamwe. Umoja wa Ulaya uliliona hilo ukaweka daraja la magari mepesi ya magurudumu manne: la abiria lisizidi kilo 450 bila betri, wala kilowati 15. Tunaomba daraja kama hilo. Breki, taa na mikanda vikaguliwe bila huruma, na barabara za mwendo kasi zipigwe marufuku kwa magari haya.

Jambo moja usilikubali kabisa: muuzaji kutangaza kilomita za siku nzuri peke yake. Alazimishwe kubandika kiooni kilomita zilizopimwa gari likiegeshwa wazi kutwa, siku ya jua na siku ya mawingu. Watu wakidanganywa mwanzoni, hawatarudi.

Na idara zako zenye wakaguzi wanaozunguka mjini polepole, magari yakishinda juani uani, ziwe wanunuzi wa kwanza. Oda yenu hata ikiwa ndogo itampa mtengenezaji sababu ya kuagiza vifaa. Michoro ya mgawanyo wa paa ninayo, na nitaileta ofisini kwako siku yoyote utakayoniita.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi wa umeme wa jua