Mtoto Mmoja Juu ya Farasi, Watu Wazima Watatu Chini

Ndugu, jamaa na marafiki,

Sisi tunaowapandisha farasi watoto wenye ulemavu tunawaita kwenye harambee. Jumamosi iliyopita tulimrudisha mtoto mmoja nyumbani bila kupanda. Alikuwa ameshavaa kofia ngumu, mkanda umefungwa chini ya kidevu, amekaa kwenye benchi akihesabu mizunguko ya aliyemtangulia. Farasi alikuwepo, mwalimu alikuwepo, tandiko lilikuwa mgongoni. Aliyekosekana ni mtu wa kutembea ubavuni mwake. Mmoja wetu alikuwa na homa, mwingine amesafiri, na mtoto yule hapandi bila watu wazima watatu. Mama yake alituelewa. Mtoto hakutuelewa, akakataa kuvua kofia, akaenda nayo hadi nyumbani. Hatujaidai.

Wengi hudhani kazi hii ni ya farasi na mtoto. Ni kazi ya miguu ya watu wazima. Mmoja hushika kamba na kumwongoza farasi, na macho yake yako kwa farasi hata mtoto akilia. Wawili hutembea ubavuni, huyu kulia, yule kushoto, wakimtazama mtoto tu. Mkono wa aliye ubavuni hulala juu ya paja la mtoto, vidole vikishika ukingo wa mbele wa tandiko. Haumbani, umetulia pale ili akiyumba aukute. Baada ya dakika kumi bega huanza kuuma. Hapo farasi husimamishwa na wale wawili hubadilishana pande, mmoja baada ya mwingine, mtoto asibaki hata kidogo bila mkono.

Kwa nini tusumbuke hivyo? Farasi anapotembea, mgongo wake hupanda na kushuka, huyumba kushoto na kulia, huenda mbele na kurudi, na nyonga za aliyepanda hufuata karibu sawa na za mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe. Mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua anapata mwendo wa hatua mamia kwa mamia katika kikao kimoja. Tunaye mvulana mwenye mtindio wa ubongo ambaye mapaja yake hubana kama mkasi. Mara ya kwanza tulitumia muda mrefu kumkalisha kuliko aliokaa. Lakini mwili wa farasi una joto la nyuzi 38 hivi, kupita letu kidogo, na mwendo ni uleule usiokatika. Kufika mzunguko wa tano miguu ilikuwa inaning'inia. Mama yake hakutuambia habari za tiba. Alituambia kwamba jioni ile suruali iliingia bila vita.

Hatusemi farasi anaponya. Tena si kila mtoto anafaa kupanda. Mwenye kifafa kisichodhibitiwa, au mwenye hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji, ambaye mifupa ya juu ya shingo haijakaa imara, daktari anaweza kumkatalia, nasi tunamsikiliza daktari. Hao kazi yao iko chini, na si ndogo. Kuna binti mwenye usonji anayekuja kupiga brashi bega moja tu, la kushoto, nusu saa nzima. Farasi hufumba macho nusu, mdomo wa chini ukalegea. La kulia tunalipiga sisi akishaondoka.

Mwaka 1944 Lis Hartel, mpanda farasi wa Denmark, alipata polio akiwa mjamzito. Kuanzia magotini kwenda chini, nguvu hazikurudi. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, alitwaa medali ya fedha katika mchezo wa kumwendesha farasi kwa hatua za ustadi, akishindana na wanaume. Mwaka 1956 akatwaa nyingine. Ushindi wake uliwaamsha wengi waanze kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu. Sisi tunamkumbuka zaidi kwa jambo dogo: hata yeye ilibidi watu wampandishe na kumshusha.

Sasa habari ya fedha, tusizunguke mbuyu. Farasi hajui kwamba wiki hii hakuna vikao. Mwenye uzito wa kilo 450 anataka kilo 9 hivi za nyasi kavu kila siku, na maji ndoo kwa ndoo. Kwato hukua kama kucha zetu, hupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 8. Kuna meno ya kusugua, chanjo ya pepopunda, dawa ya minyoo. Na farasi hawezi kutapika: akila nyasi zenye ukungu, tumbo likisokota, mtamtafuta daktari wa mifugo usiku wa manane. Ndiyo maana hatununui nyasi za bei ya kutupa, hata mfuko ukiwa mtupu.

Jike wetu wa kijivu amezeeka. Ndiye aliyewabeba watoto wengi kuliko wote, na sasa akipiga kona unaona mguu wa nyuma unasita. Tunataka apumzike. Wapo waliotushauri tumuuze. Hatumuuzi. Basi harambee hii ni ya kumlisha yeye aliyestaafu na kumpata atakayeshika nafasi yake, na ya kujenga jukwaa la kupandia lenye mteremko wa viti vya magurudumu. Kumpandisha na kumshusha mtoto ndizo nyakati za hatari kuliko zote, na leo tunafanya hivyo kwa migongo yetu. Mwenye mbao alete mbao. Fundi aje na msumeno.

Ila asiye na kitu mfukoni asijifiche, maana tunamtaka yeye zaidi: saa mbili kwa wiki, na ukisema utakuja, uje. Huhitaji kujua kupanda farasi. Wengi wetu hatujui. Tutakufundisha kushika kamba, na kutomkaribia farasi kimyakimya kutoka nyuma, maana huona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia na chini ya pua yake. Tutaulizia habari zako kwa watu wawili, na hutaachwa peke yako na mtoto. Usichukie, ndilo swali la kwanza la kila mzazi. Anayeogopa farasi kabisa, tuna toroli na beleshi. Samadi haipigi teke.

Mafunzo yataanza Jumamosi asubuhi, uwanjani. Njoo na viatu vilivyofunika vidole, vigumu. Farasi akikukanyaga huwa hana habari, na haharakishi kuondoka.