Yah: Malalamiko Kuhusu Safari ya Lushoto na Vuga

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mwezi uliopita nililipia watu wanne, shilingi 380,000 kwa kila mmoja, safari yenu ya siku mbili ya Lushoto, ambayo kipeperushi chenu kinaitaja kuwa ni ya "historia na mila za Wasambaa". Siku ya kwanza sina neno: dereva alipanda zile kona za kutoka Mombo kwa utulivu, na Irente tulingoja hadi ukungu ukaondoka tukaiona nyika yote ya chini.

Kwa mujibu wa ratiba, asubuhi ya pili tulipaswa kwenda Vuga, makao ya kale ya watawala wa Wasambaa wa ukoo wa Kilindi, kisha kwa akina mama wafinyanzi, na mchana tule bada, ule ugali wa muhogo. Badala yake tulizungushwa mjini kutazama majengo ya Wajerumani, tukapewa chipsi kuku hotelini. Nilipouliza habari za Vuga, kiongozi wa msafara alijibu kwamba ofisi ilimwagiza gari liwe limerudi Mombo kabla ya saa tisa.

Hilo la ratiba pengine ningelimeza. Lililonikera zaidi ni pale kiongozi huyo, akiwa amesimama mbele ya nyumba moja ya enzi hizo, alipotueleza kwamba milima hii ilikuwa msitu mtupu hadi Wajerumani walipokuja kujenga mji na kuuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao. Mama yangu, mzaliwa wa Soni mwenye miaka 74, ambaye ndiye niliyemlipia hasa safari hii, alimsikiliza hadi mwisho, akajitanda upya kanga yake, akamuuliza: "Na babu zangu, mwanangu, walikuwa wanalala juu ya miti?" Kijana akacheka. Mama hakucheka, wala hakushuka tena garini hadi Mombo.

Mtu anayelipwa kuisimulia milima ile anapaswa kujua walau kwamba Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, alikwishapewa utawala Vuga na kuitwa Simba Mwene vizazi kadhaa kabla ya Wajerumani kupima kiwanja cha kwanza. Na kwamba mmisionari Krapf alipofika Usambaa mwaka 1848 alimkuta mtawala Kimweri ye Nyumbai kwenye kiti, ambacho alikikalia hadi alipofariki mwaka 1862. Mama huyasimulia haya huku akichambua mboga.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe nusu ya malipo, yaani shilingi 760,000, pamoja na maelezo ya maandishi kwa nini Vuga iliondolewa bila sisi kuarifiwa. Kijana mwenyewe siombi aadhibiwe. Apelekwe Vuga akakae na wazee siku mbili tatu, kwa gharama ya ofisi.

Nimeambatisha nakala za stakabadhi na kipeperushi, na nitasubiri majibu yenu kwa siku 14.

Wako,
Mteja