Rudisheni koti la mzee

Ndugu Mhariri,

Miaka kumi na tisa nimelisoma gazeti lako kimya, hata mlipoandika kwamba afisa ustawi wa jamii "anatunza wazee", utadhani mimi ndiye ninayekoroga uji. Lakini ile habari ya Siku ya Wazee, yenye picha ya mzee kajifunika blanketi na kichwa "Watoto wamtupa baba yao", imenishinda kunyamazia.

Mzee yule hana mtoto, na hajawahi kuwa naye. Faili lake nililifungua mwenyewe. Ni Mmakua wa Msumbiji, alivuka Mto Ruvuma mwaka 1957 akaja kukata mkonge kama manamba, kibarua wa mkataba. Bei ya mkonge ilipoporomoka akabaki kambini, nauli hana, na kwao hakuna tena anayemkumbuka. Wa namna yake tunao kadhaa hapa kwenye makazi yetu ya wazee, Warundi kwa Wamakonde. Huyo mtoto aliyemtupa ningefurahi sana kumwona, maana mimi nimewasumbua watendaji wa vijiji miaka mitano na sijapata hata binamu.

Siku mwandishi wenu alipokuja nilikuwepo. Aliongozana na wafadhili wenye bango kubwa kuliko msaada wenyewe. Mzee alikuwa ametoka kuoga, kavaa koti lake la kaki ambalo mpishi wetu alilishonea vifungo vipya kwa ajili ya sherehe. Mwandishi akamwambia alivue, ati picha itoke vizuri, kisha akaagiza blanketi, jua la saa sita! Akamuuliza watoto wako wapi. Mzee akasema sina. Akaulizwa tena, akasema sina. Mara ya tatu, kwa ile adabu ya kizamani ya kutobishana na mgeni, akasema, "Basi, labda wako mbali." Hiyo "labda" hamkuichapa. Na ule mfuko wa sukari wa kilo hamsini mlioupamba nimeufungia stoo, kwa sababu wazee wangu kumi na mmoja wana kisukari. Pampasi za watu wazima, ambazo niliziandika za kwanza kwenye orodha waliyoiomba wafadhili wenyewe, hakuna aliyeleta. Nadhani hazipendezi kushikwa mbele ya kamera.

Mkitaka habari, tufuateni hospitalini. Sera ya Taifa ya Wazee ilitoka mwaka 2003, na dirisha la wazee lipo, limeandikwa kwa rangi nzuri. Mwezi uliopita karani wa dirisha hilo alitudai kitambulisho cha taifa. Mzee akafungua mfuko wake wa nailoni akatoa kipande cha shambani, ile kadi ya manamba yenye visanduku thelathini, kila siku ya kazi na alama yake. Karani akacheka, akawaita wenzake waje kuona. Dawa nilinunua kwa pesa yangu. Mzee akakikunja kipande chake palepale kilipozoea kukunjika, akakirudisha mfukoni, hakusema neno mpaka tunafika. Wenzetu Zanzibar tangu Aprili 2016 wanampa pensheni kila mwenye miaka 70 na kuendelea, walianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Sisi huku bara tunagawa sabuni na kupiga makofi.

Ombi langu ni dogo. Siku ya Wazee ijayo, tarehe 1 Oktoba, msije. Njooni Jumanne yoyote ya Februari, saa kumi na moja alfajiri, mashuka yanapobadilishwa, bila bango. Mje na pampasi, mkasi wa kucha ngumu, na betri mbili kubwa za redio, maana mzee anasikilizia ya jirani tangu Agosti.

Na koti lake mlikunja pamoja na bango mkaondoka nalo. Lirudisheni. Lina vifungo vinne, cha chini hakifanani na vingine.

Afisa Ustawi wa Jamii,
Morogoro