Shukrani kwa mzee fundi wa viatu, Moi Avenue
Jamani nataka mnishuhudie hii. Binti yangu alipewa kazi ya shule atafute mahali alipouawa Tom Mboya, yule mwanasiasa wa Kenya, tukazunguka Moi Avenue jijini Nairobi tukiuliza, watu wanatupita tu, wengine wameegemea pale pale kwenye sanamu yake wakingoja marafiki na hawajui. Mzee mmoja fundi wa viatu akaomba kastoma wake asubiri, akatutembeza akituonyesha upande lilipokuwa duka la dawa alilokuwa ametoka Mboya, Jumamosi 5 Julai 1969, akapigwa risasi, waziri wa miaka 38 tu! Akaeleza enzi hizo barabara hiyo iliitwa Government Road, akarudia polepole mtoto aandike. Pesa alikataa, jina pia hakusema. Mzee wangu, asante sana. Nanyi mkipita pale na watoto simameni muwaeleze.